Mita Ngapi kwa Dakika 6?

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wagonjwa wa kliniki ya moyo, jamaa zao na wahamasishaji wa afya ya jamii. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Mabibi na mabwana, wazee wetu, kina mama, na nyinyi wahamasishaji wa afya ya jamii mliotoka wadi za mbali asubuhi na mapema, hamjambo?

Nimesikia "hatujambo" ya nguvu. Asanteni. Nitaanzia hapo hapo, kwa sababu hiyo "hatujambo" ndiyo iliyonileta mbele yenu leo. Humu ndani wamo watu waliopumzika mara mbili tatu kutoka langoni hadi kwenye viti hivi. Wamo waliolala usiku wa jana wakiegemea mito mitatu, kwa kuwa wakilala chali pumzi inakata. Nao wamejibu hatujambo pamoja na wenzao.

Kwetu salamu ina jibu moja tu. Habari? Nzuri. Za nyumbani? Salama. Hata nyumba yenye msiba hujibu salama kwanza, kisha ndipo mgeni aketi na kuambiwa yaliyotokea. Ni adabu tuliyolelewa nayo na sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba tunaingia nayo katika chumba cha daktari. "Unaendeleaje, mama?" "Naendelea vizuri, daktari, namshukuru Mungu." Nje kuna foleni ya watu 40. Daktari anaandika kwamba hali imetulia, dawa ni zile zile, arudi baada ya miezi 3.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari, na nimesomea uandishi wa habari. Huko tulifundishwa kwamba neno "vizuri" halijakuwa habari mpaka mtu aulize: vizuri kiasi gani? Kuliko lini? Nani amepima? Nilipoombwa kuzungumza nanyi niliwaendea wauguzi, madaktari na wataalamu wa tiba ya viungo nikawauliza maswali hayo hayo kuhusu mgonjwa wa moyo. Jibu nililopata linahitaji njia ya mita 30, koni mbili, kiti na saa. Nitawaeleza.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Jina lake linatisha kuliko inavyopasa: moyo kushindwa. Wengi wakilisikia hudhani moyo umesimama, au utasimama kesho. Sivyo. Moyo unapiga, ila hausukumi damu kadiri mwili unavyohitaji, au unaisukuma kwa taabu. Fikirieni pampu ya kisima cha kijiji. Zamani ilijaza mtungi kwa mipigo 10, sasa inataka 20. Maji bado yanatoka, lakini foleni ya mitungi inazidi kurefuka. Mwilini foleni hiyo ndiyo maji yanayojikusanya miguuni, tumboni na mapafuni. Ndiyo maana viatu vinabana jioni, na ndiyo maana mtu anakohoa akilala.

Sasa sikilizeni ujanja wa ugonjwa huu. Ukikaa kitini, pampu dhaifu inaweza kukutosha. Udhaifu wake hujitokeza pale mwili unapodai damu zaidi: unapopanda kilima, unapofua, unapobeba maji. Mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari ni mgonjwa anayepumzika. Kumpima akiwa ameketi tu ni sawa na kukagua gari lililoegeshwa. Taa zinawaka, honi inalia, lakini hujajua kama litapanda mlima.

Tuseme yupo mama mboga mmoja. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa akitembea kutoka nyumbani hadi sokoni na mzigo wake. Baada ya muda akaanza kupumzika chini ya mwembe ulio katikati ya njia. Akasema ni jua. Halafu akaanza kupanda bodaboda, akasema asubuhi zinamchelewesha. Kisha akahamisha kibanda, akakiweka mbele ya nyumba yake, akasema sokoni ushuru umezidi, na hapo lawama zikatuangukia sisi wa kaunti. Sasa mjukuu ndiye anayechota maji na ndiye anayetumwa dukani. Mama ameketi. Akiulizwa kliniki kama anachoka, anasema kweli tupu: sichoki. Atachokaje, na hatembei?

Kila hatua ilikuwa na sababu yake, wala hakuna aliyedanganya. Nyumba nzima imejipanga kuuzunguka ugonjwa bila mtu kuutaja. Katika muda huo kliniki imemwona mara 3, na mara zote 3 ameandikwa kuwa hali yake imetulia. Usiku mmoja akiamka na kwenda dirishani kutafuta hewa, majirani watasema ugonjwa umemvamia ghafla. Haukumvamia. Umekuwa ukimpunguzia mita kidogo kidogo, na hapakuwa na mtu wa kuzihesabu.

Tena msiniambie ni uzee. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa hospitalini kwa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani wengi wa wagonjwa kama hao wamevuka 70. Na chanzo kilichoongoza kwa upande wetu kilikuwa presha ya juu, ilhali kwa wenzetu huongoza mishipa ya moyo iliyoziba. Mtu wa miaka 52 bado analipa karo. Bado ana shamba la kulima na mama mzazi wa kutunza. Akianza kupumzika chini ya mwembe, tusimpe pole ya uzee tukaondoka.

Madaktari wenyewe walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1928 chama cha madaktari wa moyo cha New York, kule Marekani, kilitoa madaraja 4 ambayo yanatumika hadi leo, na huenda yameandikwa kwenye kadi yako kwa tarakimu za Kirumi. Daraja la kwanza, kazi za kawaida hazikuchoshi. La pili, zinakuchosha kidogo. La tatu, hata kazi nyepesi zinakukatisha pumzi. La nne, unakosa pumzi hata ukiwa umepumzika. Ni kipimo kizuri, cha haraka, na hakina gharama. Lakini kinategemea maelezo ya mgonjwa, na maelezo ya mgonjwa tumekwisha kuyasikia: nzuri, salama. Isitoshe, "kazi ya kawaida" ya mwalimu wa shule si kazi ya kawaida ya mpakuaji wa mizigo. Madaktari wawili wanaweza kumwona mgonjwa yule yule asubuhi moja, mmoja akamweka daraja la pili na mwingine la tatu, na wote wawili wana hoja.

Kuna picha ya moyo pia, ile inayopigwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Wengi wenu mmepigwa, na mmetoka na namba: asilimia fulani ya damu inayosukumwa nje kwa kila pigo. Namba hiyo ni muhimu sana katika kuchagua dawa. Ila msiifanye kuwa kipimo cha nguvu zako. Watafiti waligundua miaka mingi iliyopita kwamba haioani vizuri na uwezo wa mtu kutembea. Yupo mwenye asilimia 25 anayefika sokoni kwa miguu, na yupo mwenye asilimia 50 asiyefika chooni bila kushika ukuta. Misuli ya miguu, mapafu, damu iliyopungua nguvu, uzito wa mwili, vyote vina usemi katika safari hiyo.

Basi ikabidi watu watembezwe, wapimwe.

Mwaka 1968 daktari mmoja wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, alieleza namna ya kupima nguvu za wanajeshi: wakimbie kwa dakika 12, kisha umbali wao upimwe. Marefa wa kandanda wanakifahamu kipimo hicho. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza wakakichukua wakakipunguza makali. Wagonjwa wao wa mapafu wasingeweza kukimbia, kwa hiyo waliwaambia watembee dakika 12. Hata hizo zilikuwa nyingi kwa mtu mgonjwa. Mwaka 1982 wengine wakalinganisha dakika 2, 6 na 12, na 6 zikaonekana kufaa: hazimmalizi mgonjwa, wala si chache kiasi kwamba kila mtu anapita bila kuonyesha tofauti.

Kwa wagonjwa wa moyo tunalo deni kwa Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Mwaka 1985 walichapisha matokeo ya wagonjwa 18 wenye moyo kushindwa na 25 wa mapafu, waliotembezwa dakika 6 mara 6 katika wiki 12 na pia kuendeshwa baiskeli ya kupimia. Kutembea kulikubalika kwa wagonjwa, na kuliwaonyesha madaktari jinsi mtu anavyomudu maisha yake ya kila siku. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Hakuna mtu hapa anayeishi juu ya baiskeli ya hospitali. Sote tunatembea.

Nieleze sasa kinavyofanywa, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 2002 na chama cha Marekani cha madaktari wa mapafu na ambao bado ndio msingi. Inatakiwa njia iliyonyooka, tambarare, ya mita 30. Hospitali zetu nyingi zina zile njia zenye paa zinazounganisha wodi moja na nyingine. Hizo zinatosha, mradi mtu wa machela asipite katikati ya kipimo. Njia inawekewa alama kila mita 3, na koni moja kila mwisho. Mgonjwa huja na viatu vyake vya kutembelea, si kandambili. Anayetumia mkongojo atatembea nao. Dawa zake za siku amekwisha kumeza kama kawaida. Anaketi kwanza kitini dakika 10 hivi, apimwe presha, mapigo ya moyo na oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni. Anaulizwa pia anakosa pumzi kiasi gani, kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni kiasi kisichovumilika. Mizani hiyo ni ya Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, na faida yake ni kwamba haiwezi kujibiwa kwa "nzuri".

Kisha anaambiwa: tembea uwezavyo, uende mbali kadiri unavyoweza kwa dakika 6, bila kukimbia. Ukichoka punguza mwendo. Ukitaka kusimama, simama, egemea ukuta, kisha uendelee ukiweza. Saa haisimami.

Hapo anaanza. Kila mzunguko ni mita 60. Mpimaji anahesabu mizunguko na mwishoni anaongeza mita zilizobaki. Aliyemaliza mizunguko 5 na mita 24 amekwenda mita 324. Inaandikwa hivyo hivyo, 324, si "zaidi ya 300".

Nataka jamaa za wagonjwa wanisikilize vizuri hapa, maana najua tulivyo. Baba anatembea, na sisi tuko pembeni: "Jikaze, mzee! Bado kidogo! Usituangushe!" Kama vile tuko Kasarani. Msifanye hivyo. Mwaka 1984 Guyatt huyo huyo na wenzake walionyesha kwamba kumtia mgonjwa moyo kwa maneno kunamwongezea umbali, kiasi cha mita 30 hivi. Kumbe mita 30 ndizo hizo hizo ambazo madaktari huzitazama kuamua kama mgonjwa amepata nafuu au amerudi nyuma! Ukimshangilia leo na ukanyamaza miezi 3 ijayo, utakuwa umemfanya aonekane amezidiwa na ugonjwa kumbe aliyebadilika ni wewe. Ndiyo sababu mpimaji ana maneno yake yaliyopangwa, anayoyasema kila dakika kwa sauti ile ile: unafanya vizuri, zimebaki dakika 5. Endelea hivyo, zimebaki 4. Hatembei mbele ya mgonjwa wala ubavuni mwake, asije akamvuta au kumchelewesha. Anayeona mpimaji amekauka kama askari wa gwaride asidhani ana dharau. Yuko kazini.

Kipimo husimamishwa mara moja mgonjwa akipata maumivu ya kifua, akikosa pumzi kiasi cha kutovumilia, akipepesuka, akitoka jasho lisiloelezeka au uso ukipauka. Na wapo wasiopaswa kuanza kabisa: aliyepata mshtuko wa moyo au maumivu ya kifua yasiyotulia katika mwezi uliopita. Mwenye mapigo zaidi ya 120 kwa dakika akiwa amepumzika, au presha inayozidi 180 kwa 100, ataonwa na daktari kwanza. Nalisema hili kwa sababu nimewaona vijana humu wakianza kuangalia simu zao zenye kuhesabu hatua. Tafadhali, usimtoe mama uani ukamwendesha mbio za dakika 6 ukiwa umeshika simu. Kutembea kwake kwa kawaida ni kuzuri. Kipimo hiki kifanyike penye muuguzi, oksijeni na mtu anayejua la kufanya.

Namba zenyewe zina maana gani? Mtu mzima mwenye afya hupata kati ya mita 400 na 700, kwa kutegemea umri, urefu, uzito na kama ni mwanamume au mwanamke. Ili mpate picha, mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha ni mita 400. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi yake ya marathoni Berlin mwaka 2022, kila dakika 6 alikuwa akipita zaidi ya kilomita 2, lakini huyo tumwache na mambo yake.

Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya mamia ya wagonjwa wa moyo waliotembezwa hivi kisha wakafuatiliwa kwa muda wa wastani wa miezi 8. Kati ya wale walioshindwa kufika mita 300, karibu 10 katika kila 100 walifariki katika muda huo. Kati ya waliofika mita 450 au zaidi, walikuwa 3 katika kila 100. Waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa walikuwa 22 katika kila 100 upande wa kwanza, na 2 upande wa pili. Hizo ni tofauti kubwa kutokana na kitu ambacho hakikuhitaji sindano wala umeme.

Najua yupo anayefikiri: mimi ni wa mita 280, basi nimekwisha. Hapana. Wale 90 katika 100 walikuwa hai. Namba hiyo ni sababu ya daktari kukutazama kwa makini zaidi: kuongeza dozi iliyokuwa ndogo, kubadilisha dawa ya kupunguza maji mwilini, kutafuta upungufu wa damu, kukuita mapema badala ya miezi 3. Mita 280 zilizoandikwa zina kazi ya kukufanyia. Zisizoandikwa hazina.

Tena namba moja peke yake haisemi mengi. Goti bovu litaipunguza. Pumu itaipunguza. Mara ya kwanza mtu hutembea kwa woga, na mara ya pili huongeza umbali kwa sababu tu amezoea njia, ndiyo maana wataalamu hupenda kurudia. Kinachohitajika ni ulinganisho wa mtu na nafsi yake. Mama aliyekuwa na 380 mwezi wa Januari na 340 mwezi wa Aprili, goti lile lile, njia ile ile, ana jambo la kuangaliwa, hata kama anatabasamu na kusema hajambo.

Wapo watakaouliza juu ya kile kipimo kikubwa, cha kuvaa kinyago na kukanyaga baiskeli huku mashine ikipima hewa unayovuta na kutoa. Ndicho kipimo kamili kuliko vyote. Kinaonyesha mwili unatumia oksijeni kiasi gani kwa kila kilo ya uzito, na tangu utafiti wa mwaka 1991 kiwango cha mililita 14 kwa kilo kwa dakika kimekuwa kikiwasaidia madaktari kuamua ni nani anahitaji kupandikizwa moyo na ni nani anaweza kungoja. Lakini ni cha vituo vichache, kinataka mashine ghali na wataalamu wake. Tukikingoja kifike kila kaunti ndogo, mama mboga wetu hatakiona. Mita 30 za veranda tunazo leo.

Kama ni hivyo, kwa nini wengi wenu hamjawahi kupimwa? Nitasema nionavyo, na wakubwa wangu watanisamehe. Kipimo kinachukua robo saa na zaidi kwa mgonjwa mmoja. Mtaalamu wa tiba ya viungo ana waliovunjika miguu na watoto wa kliniki yake wanaomngoja. Kisha hakuna mgonjwa anayekiuliza. Mashine mpya ikifika hospitalini tunaijua, maana tunaipiga picha, na mimi mwenyewe ndiye ninayepiga. Koni mbili hakuna anayezikatia utepe.

Kwa hiyo kiulizeni. Siku ya kliniki mwambie muuguzi au daktari: naomba nipimwe kutembea kwa dakika 6, na naomba mita zangu ziandikwe kwenye daftari langu pamoja na tarehe. Ukiambiwa siku hiyo haiwezekani, uliza ni lini. Daftari likae nawe. Wengi hapa wanabadilisha hospitali kwa sababu za kazi au ndoa, na faili haliwafuati, ila daftari litawafuata.

Jamaa wa mgonjwa, nyinyi mna kazi nyingine, nayo ni ya kusema yale ambayo mgonjwa hatayasema. Msimjibie. Mwacheni ajibu, halafu mwongeze: daktari, mwezi wa pili alikuwa akienda kanisani kwa miguu, sasa anapelekwa. Alikuwa akilalia mto mmoja, sasa mitatu. Maneno kama hayo daktari anaweza kuyafanyia kazi. Nanyi wahamasishaji, ambao tangu mwaka 2023 mnatembea na mashine ya presha na mizani katika mikoba yenu, mkifika katika boma ulizeni njia. Ulizeni: kutoka hapa hadi kisimani unapumzika mara ngapi? Mara ya mwisho ulikwenda mwenyewe lini? Uzito ukipanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, hayo ni maji wala si ugali. Asingoje tarehe ya kliniki. Na anayeamka usiku akitafuta hewa, au kifua kinambana, huyo ni wa hospitali usiku ule ule.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: kwamba mwenye moyo dhaifu asitembee, asije akaumaliza. Wapo wana wanaomkataza baba hata kufika kwa jirani, kwa upendo. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,331 wa moyo kushindwa huko Marekani, Kanada na Ufaransa. Nusu yao walipangiwa mazoezi, kwanza wakisimamiwa kliniki na baadaye wakiwa nyumbani. Mazoezi hayakuwadhuru. Baada ya miezi 3, wale wa mazoezi walikuwa wameongeza mita 20 katika kipimo hiki cha dakika 6, na wenzao mita 5. Si muujiza, na watafiti hawakusema ni muujiza. Lakini mita 20 zinaweza kuwa umbali wa kutoka mlangoni hadi chooni, na kufika peke yako. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia na daktari wake amemruhusu, mwacheni atembee, kwa mwendo ambao bado anaweza kuzungumza akiwa njiani.

Mtaalamu wa tiba ya viungo ameketi pale mwisho wa safu ya kwanza, na ameleta koni zake. Baada ya maswali atatuonyesha hapo nje kwenye veranda namna njia inavyopimwa, na muuguzi ana karatasi ya kuandikisha wanaotaka kupangiwa siku. Naona mama aliye karibu na dirisha ameinua mkono tangu nilipotaja mito mitatu. Karibu, mama, tuanze na wewe. Usisimame, uliza ukiwa umeketi hapo hapo.